Namba Moja Iko Upande wa Gia

Mtaani wanamwita Msusi, ingawa ni miaka kumi na moja sasa hajashika kichwa cha mtu. Zamani alisuka nywele kibarazani, mbele ya duka la mumewe fundi cherehani, na alikuwa na vidole ambavyo wateja waligombania: vyepesi, vya haraka, visivyovuta. Kisha akaingia gereji ya baba mkwe wake, na watu wakapata la kusema. "Ametoka kusuka nywele, sasa anasuka injini," walisema, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakuwakasirikia. Alilichukua jina lenyewe akaliandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu, GEREJI YA MSUSI, na aliyetaka kucheka alicheka huku anasubiri zamu yake.

Kuingia kwake gereji kulianza na chakula cha mchana. Mama mkwe alikuwa na magoti mabovu, mume alikuwa na suruali za watu, kwa hiyo kila siku saa saba ni Msusi aliyempelekea mzee sahani iliyofunikwa. Siku moja alimkuta ameinamia bloki ya injini, midomo ameibenua, anagombana na kitu kidogo kisichoonekana.

"Weka hiyo sahani, mwanangu," mzee alisema. "Shika hii." Akampa bamba la chuma jembamba kama ganda la kitunguu. "Pitisha hapo kwenye ufa. Inasemaje?"

Msusi akapitisha. "Inapita, baba. Lakini inanishika kidogo, kama uzi unapopita kwenye kitambaa kizito."

Mzee alimtazama mpaka chakula kikapoa. "Yule niliyemzaa nimemfundisha miaka miwili, hakuwahi kuniambia neno kama hilo," alisema. "Kesho njoo na nguo za kazi."

Yule aliyemzaa, yaani mume wa Msusi, alishukuru kuliko wote. Yeye na oili walikuwa paka na maji.

Sasa kazi yenyewe ya ringi, kwa asiyeijua, inaonekana ya kipuuzi. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, na imevaa ringi za chuma zinazozuia moto usishuke na oili isipande. Kila ringi imekatwa mahali pamoja, kwa hiyo ina ncha mbili, na kati ya ncha hizo lazima pabaki nafasi, maana chuma kikipata moto hutanuka. Ukiacha nafasi kubwa, gari litakula oili na kufuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Ukiacha ndogo, siku injini itakapochemka ncha zitagongana, hazitakuwa na pa kwenda, na ringi itang'ang'ania ukuta wa silinda mpaka injini ikwame. Ndiyo maana fundi huiingiza ringi peke yake ndani ya silinda, akaisukuma chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kuinama, akapima nafasi kwa yale mabamba membamba yanayoitwa fila. Huitoa, akaipitisha kwenye tupa mara mbili tatu, kuelekea ndani, taratibu, akairudisha, akapima tena. Mwenye haraka atapitisha tupa mara moja zaidi, na hapo atajua kwamba chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Jambo jingine, kila ringi ina silinda yake. Iliyopimwa ndani ya silinda ya pili haina ruhusa ya kwenda kutembea ya tatu. Mzee alikuwa amepigilia misumari minne kwenye ubao ukutani, chini ya kila msumari akaandika namba, moja hadi nne, na ringi zikishapimwa zilitundikwa kila moja kwenye msumari wake. Ubao huo upo mpaka leo. Umekunywa oili mpaka umekuwa mweusi, ila namba zinasomeka.

Msusi alijivunia kitu kimoja, na hakuficha: hakuwahi kuua injini. Miaka minane ameendesha gereji bila mzee, magari yamekuja yakikohoa na kutoka yakinguruma kwa adabu, na hakuna hata moja lililorudi likivutwa kwa kamba. Akisifiwa kwa hilo shingo ilimrefuka. Aliyeua injini alikuwa mzee, na hilo nalo kila mtu alilijua.

Lilikuwa gari la mwalimu mkuu wa shule ya karibu. Lilitoka gereji likiwa limesukwa upya, likaenda vizuri siku sita, na siku ya saba likakwama katikati ya kilima, mwalimu akiwa ndani ya tai yake, wanafunzi wanapita wanatazama. Lilirudishwa gereji. Mzee akamwambia Msusi, "Nenda nyumbani. Kosa langu nitalisafisha mwenyewe." Akafunga mlango siku mbili. Alipoufungua, alimkabidhi mwalimu gari zima, kisha akatangaza mbele ya watu waliokuwapo kwamba macho yake yamekwisha, kwamba amesoma fila vibaya, na kwamba hatashika injini tena. Funguo za gereji akamwekea Msusi mkononi. Wakati huo Msusi alikuwa na miaka mitatu tu katika kazi.

Tangu hapo mzee aliishi kama mtu asiyeona vizuri. Alitembea na mkongojo. Kila asubuhi mama mkwe alimsomea gazeti, kuanzia mpira mpaka matangazo ya vifo, naye alibishana na gazeti kana kwamba linamsikia. Mara mojamoja aliwashangaza. Siku moja alimwambia mwanawe kwamba shati lake limekosa kifungo cha pili kutoka juu.

"Umeonaje, baba?"

"Nimesikia linapepea."

Wakakubali. Mzee aliyekula chumvi nyingi, nani atabishana na masikio yake?

Sasa, Jumatatu moja, mwalimu akarudi. Alikuwa amestaafu, lakini gari lilikuwa lilelile na tai ilikuwa ileile. Gari lilikuwa limemtumikia miaka minane baada ya mkasa ule, na kwa umri wake kutoa moshi hakukuwa aibu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Gari linakunywa oili kuliko mimi ninavyokunywa chai. Nadhani ni ringi."

"Nitaifungua injini kesho nione."

"Fungua. Nimekuja kwako kwa sababu kazi yako naisikia inasifiwa. Nina sharti moja tu." Mwalimu akainua kidole, kama alivyowainulia watoto wa watu miaka thelathini. "Yule mzee asiiguse."

Msusi alitaka kusema jambo. Akakumbuka kwamba yule ni mteja, tena mteja aliyekwama kilimani, na kwamba mzee mwenyewe alikwisha kukiri. "Sawa, mwalimu," alisema. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki siku nzima, hata usiku mumewe alipomuuliza mbona hali, akasema amechoka.

Jumanne akafungua injini. Alitoa kichwa cha injini, akatoa sinia ya oili, akachomoa pistoni moja baada ya nyingine na kuzilaza juu ya shuka kuukuu kwa mpangilio wa zilivyotoka. Vichwa vya pistoni vilikuwa vyeusi kwa masizi. Akavipaka mafuta ya taa, akaanza kusugua kwa brashi, huku akiimba kwa pua kama kawaida yake.

Wimbo ulikatika alipofika kwenye alama.

Fundi mwenye adabu hupiga alama juu ya kila pistoni, nukta moja kwa silinda ya kwanza, mbili kwa ya pili, na kuendelea. Msusi tangu aanze kazi huzipiga ukingoni, pengine ni mazoea ya mtu aliyezoea kuanza msuko kwenye ukingo wa nywele. Mzee huzipiga katikati. Pistoni aliyoishika ilitoka upande wa feni, na ukingoni ilikuwa na nukta moja iliyopinda kidogo. Aliujua mkono huo. Ulikuwa wake, wa miaka ile ya mwanzo. Lakini nukta hiyo ilikuwa imekatwa kwa mstari, kama mwalimu anavyokata jibu, na katikati ya pistoni zilikuwapo nukta nne.

Akachukua ya pili. Nukta mbili zake zimekatwa, katikati zipo tatu. Ya tatu, zake tatu zimekatwa, katikati mbili. Ya mwisho, ile ya upande wa gia, ilikuwa mpya kuliko wenzake, haikuwa na alama yake hata moja. Ilikuwa na nukta moja tu, katikati.

Msusi alikaa juu ya debe la oili.

Magari mengi huhesabiwa silinda kuanzia upande wa feni. Ya kampuni iliyotengeneza gari hili huhesabiwa kinyume, namba moja ipo upande wa gia. Msusi analijua hilo sasa. Alikuja kulijua mwaka wake wa tano, kwa gari la mtu mwingine, akaliandika kwenye daftari na kupigia mstari, wala hakuwahi kulikumbuka gari la mwalimu. Sasa akalikumbuka. Mzee ndiye aliyepima ringi zile, kila moja ndani ya silinda yake, akazitundika ubaoni. Kisha ikaja habari ya msiba wa binamu yake, akasafiri siku mbili, na kumwachia Msusi kazi ya kuzivisha pistoni na kuzirudisha ndani. Na Msusi, kwa bidii yote, alichukua za msumari wa kwanza akazipeleka upande wa feni, na za msumari wa nne akazipeleka upande wa gia.

Lingekuwa gari jingine, pengine lisingedhurika. Lakini silinda ya upande wa gia ilikuwa imevalishwa ukuta mpya, na fundi wa mashine aliikwangua pungufu kidogo ya wenzake, unywele tu. Unywele huo ukiuzungusha duara zima unakula nusu ya nafasi ya ringi. Mzee alilijua hilo na alipima kwa ajili yake. Msusi akatia humo ringi za silinda pana. Siku sita zilivumilia kwenye barabara tambarare, na siku ya saba, kilimani, ncha zikagongana.

Kwa hiyo injini ile hakuiua mzee. Aliiua yeye.

Alizitazama tena nukta za katikati, na hapo ndipo alipopigwa na butwaa kweli. Zilikuwa ndogo sana, na zimenyooka kama mshono wa cherehani. Nne zilipangana kwa nafasi sawasawa, hakuna iliyoteleza. Mtu aliyedai kwamba hawezi kusoma namba kwenye fila ndiye aliyezipiga hizo, katika siku zilezile mbili alizojifungia. Msusi alijaribu kukumbuka ni magazeti mangapi yamesomwa katika ile nyumba kwa miaka minane. Akaifunga ile pistoni ya nukta nne kwenye kitambaa, akafunga gereji saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda nyumbani kwa wakwe zake kwa miguu, na machozi yalimtangulia.

Aliwakuta uani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mkongojo begani, na mama mkwe amevaa miwani anasoma habari za mechi. Msusi aliamkia, akapiga magoti, akaiweka pistoni kwenye mapaja ya mzee na kuifunua.

"Baba," alisema, "nisomee hii."

Mama mkwe akanyamaza goli likiwa bado halijaingia. Mzee hakuinamisha kichwa. Aliweka kidole gumba juu ya pistoni, kikapita kwenye nukta zake, kikafika kwenye ile iliyokatwa, kikatulia.

"Umeifungua," alisema.

"Nimeifungua. Baba, macho yako yana nini?"

"Yana miaka sabini na mmoja."

"Zaidi ya hapo?"

Mzee akashusha pumzi. "Zaidi ya hapo hayana kitu."

Aliyecheka wa kwanza ni mama mkwe, tena alicheka mpaka miwani ikamshuka. "Mimi nimejua tangu mwaka wa kwanza," alisema. "Nikiruka mstari ananisahihisha! Mtu asiyeona atajuaje nimeruka mstari?"

"Na hukusema?" mzee akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Niseme ili iweje? Ulikuwa ukitoka alfajiri na kurudi na harufu ya oili, maisha yetu yote. Ghafla nimepata mtu wa kukaa naye asubuhi. Nikupe gazeti ujisomee, mimi nibaki na nani?"

Msusi hakuweza kucheka. Alikuwa na hasira na shukrani kwa pamoja, na hakujua aanze na ipi. "Kwa nini, baba? Ungeniambia tu. Ungenigombeza, ningesikia."

"Ningekuambia ungeacha," mzee alisema. "Nakujua. Ungerudi kibarazani kusuka nywele, na ungesema ni heri. Na mtaa ungesema nini? Mwanamke ameshika injini, injini imekufa. Usingepata hata baiskeli ya kutia upepo. Mimi nilikuwa nimekwisha kufanya kazi yangu, nimebakiza miaka michache ya kulalamika mgongo. Injini moja ilishakufa, mwanangu. Nikaona isife na fundi."

Msusi alilia kwa sauti, akiwa palepale chini, na mama mkwe akamshika kichwa kama mtoto.

"Tena sikudanganya yote," mzee aliendelea, maana kilio cha wanawake kilimtia kigugumizi na alipenda kukizima kwa maelezo. "Niliondoka kwenda msibani bila kukuambia gari hili linahesabiwa kutoka nyuma. Nilidhani ninalolijua mimi unalijua. Hilo kosa ni langu. Sasa sikiliza. Kazifunge pistoni, mpe mwalimu gari lake. Watu wamekwisha kusahau."

"Hawajasahau, baba. Jana mwalimu amenipa sharti kwamba wewe usiiguse. Na mimi nikamjibu sawa."

Mzee aliushusha mkongojo begani. Aliyachukua mengi kwa miaka minane, utani wa vijana, watu kumshika mkono kumvusha barabara asiyohitaji kuvushwa, lakini hili lilimwingia. Msusi aliliona, na hapo akakata shauri.

"Nitamwambia," alisema.

"Jina lako litaanguka."

"Litaanguka, nitaliokota. Hilo la 'hakuwahi kuua injini' si langu. Nimelivaa tu, kumbe ni nguo yako."

Mzee alibisha mpaka saa sita. Msusi akaitikia kila neno kwa heshima, ndiyo baba, nimesikia baba, kisha akachukua pistoni yake na kuondoka vilevile alivyokuja.

Siku ya Alhamisi Msusi alimwita mwalimu gereji. Msusi angeweza kumwambia pembeni, kwa sauti ya chini. Lakini mzee alitangaza mbele ya watu, naye aliona si haki kurudisha kwa kificho kitu kilichotolewa hadharani. Kwenye benchi la gereji alikuwapo dereva mmoja wa teksi, anayesubiri gari lake, mwenye mdomo usio na breki. Msusi aliona huyo peke yake anatosha mtaa mzima.

"Mwalimu," alisema, akampa pistoni, "miaka minane iliyopita injini yako niliiua mimi. Mzee alipima ringi vizuri. Mimi ndiye niliyezivisha kinyume. Hizi alama za ukingoni ni zangu, hizi za katikati ni zake. Alinisitiri. Na macho yake ni mazima kuliko yangu na yako."

Dereva wa teksi alikuwa ameacha kutafuna kijiti chake. Mwalimu aliigeuza pistoni kwenye mwanga, akasogeza miwani, akasoma zile nukta pole pole, zilizokatwa na zilizoandikwa upya, kama mtu anayepitia daftari la mtihani.

"Huyu alisahihisha kazi yako," alisema hatimaye, "akajipa sifuri yeye."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mimi miaka minane nimekuwa nikipita upande wa pili wa barabara nisimwamkie." Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Msusi alisubiri hukumu yake. "Nilisema yule mzee asiiguse. Sharti hilo nalifuta. Sasa sharti ni hili: asipoipima yeye, gari silichukui. Na wewe," akainua kidole kile, kisha akakishusha, "wewe utaisuka kama ulivyopanga. Aliyesema kosa lake mwenyewe siwezi kumnyang'anya kalamu. Nyumbani kwake ni wapi? Najua ni wapi. Nakwenda."

Akaondoka kwa miguu. Dereva wa teksi alikohoa.

"Sasa fundi," alisema, akikuna kichwa, "na gari langu mimi?"

"Ukitaka kulichukua, lichukue. Sitakulaumu."

Dereva aliwaza. "Kwani namba moja yangu iko upande gani?"

"Wa feni."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi endelea," alisema dereva, akarudisha kijiti mdomoni. Mpaka jioni mtaa wote ulikuwa umepata habari, zikiwa na chumvi ya kutosha. Wateja wawili hawakurudi tena, na Msusi aliwaelewa. Wengine walikuja kuitazama ile pistoni.

Ijumaa asubuhi mzee aliingia gereji. Mkongojo aliuacha nyumbani. Alivaa ovaroli lake la zamani, ambalo mama mkwe alikuwa amelifua kila mwaka bila kusema sababu, na tumbo lilikuwa limeongezeka kidogo. Alisimama mbele ya ubao wa misumari minne, akaugusa, akanusa vidole vyake. Msusi alijifanya anatafuta spana.

Kisha wakafanya kazi. Mzee aliingiza ringi mpya ndani ya silinda, akaisukuma kwa pistoni, akapima, akaitoa. Kwenye jiliwa tupa ilikuwa imekwisha kubanwa, akapitisha ncha ya ringi kuelekea ndani, mara moja, mara mbili, akapuliza vumbi. Kila alipopima alimpa Msusi fila bila kumwangalia, naye Msusi akapima tena.

"Inasemaje?"

"Inanishika mno, baba. Bado."

Anaitoa, anaipitisha tena kidogo, anairudisha. "Na sasa?"

"Sasa inapita. Inashika kidogo tu."

"Kama nini?"

"Kama uzi kwenye kitambaa kizito."

Mzee alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaenda kuitundika. Kabla hajaiachia msumarini alisimama, akageuka.

"Namba moja iko wapi?" akauliza.

Msusi aliweka kiganja juu ya bloki, upande wa gia. "Iko hapa, baba."

"Haya."

Walipomaliza zote, mzee alichukua zile pistoni tatu zenye alama zilizokatwa, akatafuta tupa ndogo laini. "Ngoja nizifute hizi," alisema. "Hazina kazi tena."

"Ziache," Msusi alisema.

"Fundi mwingine akija kufungua ataziona."

"Azione. Akiniuliza nitamhadithia."

Mzee akairudisha tupa mahali pake. Msusi akazivisha pistoni ringi zao, kila moja kutoka msumari wake, akazizamisha moja moja kwenye silinda zao kwa kupigapiga na mpini wa nyundo, na mzee alikaa juu ya debe la oili akimtazama waziwazi, bila haja ya kugeuza uso pembeni.

Jumatatu gari likawashwa. Likakohoa mara moja, likashika. Wakaliacha lingurume mpaka lipate joto, Msusi ameweka mkono juu ya injini, mzee ameweka sikio. Mwalimu alikuja amevaa tai mpya. Aliwaamkia wote wawili, kisha akafungua mlango wa abiria na kumwambia mzee, "Panda, mzee mwenzangu. Kuna kilima nataka tukakitazame."

Msusi hakupanda. Alisimama mbele ya mlango wa gereji, chini ya jina lake jekundu, akalitazama gari likikunja kona na kuanza kupanda. Kutoka pale kilima kinaonekana chote. Gari lilipanda taratibu, halikutoa moshi. Lilifika pale lilipokwamia zamani, likapapita kana kwamba ni mahali kama mahali pengine, likaendelea mpaka juu, na mkono mmoja ukatoka dirishani upande wa abiria. Msusi alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akajipaka oili mpaka sikioni, na akasema asante kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kuitikia.

Waliporudi, mzee alishuka mwenyewe, akamsogelea.

"Ulikuwa unalia pale," alisema.

"Nani, mimi? Mlikuwa mbali, baba. Umejuaje?"

"Nimeona," alisema mzee.